Ted Briggs wa manowari Hood: kwa nini aliyenusurika ndiye aliyewaongoza wenzake?

#1 — Chumbageni

Salaam kwenu nyote. Kila inapokaribia tarehe 24 Mei humkumbuka mtu ambaye sikuwahi kuonana naye, Ted Briggs, baharia wa Kiingereza aliyefariki tarehe 4 Oktoba 2008 akiwa na umri wa miaka 85. Alikuwa mmoja wa watu watatu tu waliotoka hai katika manowari Hood, iliyozamishwa na manowari ya Kijerumani Bismarck mwaka 1941 katika mlango wa bahari ulio kati ya Greenland na Iceland. Wengine wote walikwenda nayo chini kwa muda wa dakika tatu hivi.

Kinachonishughulisha si vita yenyewe. Briggs alikuwa na miaka 18 siku ile. Angeweza kuvua sare akahamia bara, mahali ambapo hata harufu ya chumvi haifiki, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alibaki katika Jeshi la Wanamaji miaka 35 mpaka mwaka 1973, akastaafu akiwa luteni, na baadaye akawa rais wa chama cha mabaharia wa zamani wa Hood na jamaa za waliokufa, akiketi nao mwaka hadi mwaka kuizungumzia asubuhi ile ile. Ni kitu gani humfanya aliyenusurika akubali kiti cha namna hiyo? Mimi naamini ni deni: aliona pumzi yake ni ya wote, na akailipa kidogo kidogo mpaka mwisho. Nawaomba mnieleze ninyi mnavyoona.

#2 — Mtafuta Kweli

Ahsante kwa mada. Nina maswali mawili. Kwanza, chama cha watu watatu kinaongozwaje? Rais, katibu na mweka hazina wakishapatikana, mwanachama wa kawaida atakuwa nani? Pili, nimewahi kusikia kwamba Hood ilifika Unguja, kwa hiyo huenda huyo Briggs aliwahi kutembea Forodhani. Pia nilisoma mahali kwamba waliokufa ni 1,416. Mwenye hakika atusaidie.

#3 — Mzee wa Forodhani

Ndugu Mtafuta Kweli, nianze na la Unguja kwa kuwa ni la nyumbani. Ni kweli Hood ilifika Zanzibar mwezi Januari 1924, wakati wa Sultani Khalifa bin Harub, ikiwa katika msafara wa kuzunguka dunia ulioondoka Uingereza mwishoni mwa Novemba 1923. Lakini Briggs alizaliwa tarehe 1 Machi 1923. Hood ilipotia nanga Unguja, yeye alikuwa mtoto wa miezi kumi kwao Redcar, kaskazini mwa Uingereza. Nakusamehe kwa kumpandisha mtoto mchanga katika manowari.

Marehemu babu yangu alikuwa kijana wa kupiga makasia bandarini siku hizo. Alitusimulia kwamba meli ilikaa mbali kwa sababu ya ukubwa wake, na mtu akiitazama asubuhi kutoka ufukweni aliona kama mtaa mzima umehamia baharini, wenye nyumba, minara na moshi wa kupikia. Ilikuwa na urefu wa mita 262. Hata watu wasiojua jina lake waliiita manowari tu, neno ambalo baharia wa Kiingereza alilileta kinywani na sisi tukalifanya letu.

Katika msafara ule Hood ilifuatana na manowari nyingine kubwa, Repulse. Zote mbili zilizama mwaka mmoja, 1941: Hood mwezi Mei, Repulse mwezi Desemba karibu na pwani ya nchi ya Malaya, Malaysia ya leo. Huwa nayafikiria hayo nikipita pale jioni.

#4 — Binti Kisauni

Shikamoo Mzee wa Forodhani. Naongezea kuhusu idadi, maana hesabu ya wafu si jambo la kukadiria. Ndani ya Hood walikuwamo watu 1,418. Waliookolewa ni watatu: Ted Briggs, Bob Tilburn na Bill Dundas. Waliokufa basi ni 1,415. Idadi ya 1,416 imo katika maandishi ya zamani, na nadhani ndiyo uliyoikuta.

Kuhusu chama, hakikuwa cha watu watatu. Hood ilianza kazi mwaka 1920 na ilizama mwaka 1941, na kwa miaka 21 maelfu ya mabaharia waliingia na kutoka. Aliyehamishiwa meli nyingine mwaka 1938 au Aprili 1941 alibaki hai, na wengi wao walihesabu kwamba nafasi waliyoiacha ilijazwa na mtu aliyekufa. Chama kilipoanzishwa mwaka 1975, hao ndio waliokijaza, pamoja na wajane, ndugu na watoto ambao wengine hawakuwahi kuwaona baba zao.

Dundas alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, kabla chama hakijakuwapo. Tilburn alifariki mwaka 1995. Kuanzia hapo Briggs alikuwa peke yake kwa miaka 13.

#5 — Mzee wa Forodhani

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri.

#6 — Fundi Mitambo

Nakubaliana na #4, lakini huwezi kumweleza Briggs bila kueleza meli ilikufaje, kwa sababu nina hakika hilo ndilo swali alilokuwa akiulizwa kila anapokaa mezani na jamaa za marehemu.

Mapigano yalianza saa kumi na moja na dakika 52 alfajiri. Ilipofika saa kumi na mbili hivi, Admirali Lancelot Holland, aliyeongoza kikosi akiwa ndani ya Hood, alikuwa ameamuru meli igeuke kushoto ili mizinga ya tezi, yaani ya nyuma ya meli, nayo ipate kulenga. Hapo ndipo ulipopanda mwali mkubwa wa moto karibu na mlingoti mkuu, na meli ikakatika. Baraza la kwanza la uchunguzi lilisema kombora la Bismarck lilifika kwenye ghala la risasi upande wa tezi. Uchunguzi huo ulionekana wa haraka mno, likaundwa baraza la pili chini ya Admirali Harold Walker, lililosikiliza mashahidi zaidi ya 170 na kutoa taarifa mwezi Septemba 1941. Nalo lilifikia karibu jambo lile lile, kwamba huenda ghala la risasi za inchi 4 lililipuka kwanza na kuliwasha lile la inchi 15.

Kwangu mimi jibu ni unyonge wa sitaha. Ubavu wa Hood ulikuwa na bamba la chuma la inchi 12, lakini sitaha yake ilifika inchi 3 tu pale iliponenepa zaidi. Meli ilianza kujengwa Septemba 1916, na walioijenga waliiongezea chuma baada ya kuona maafa ya mapigano ya baharini ya Jutland ya mwaka ule, lakini haikutosha.

#7 — Mtafuta Kweli

Fundi, mbona Stanley Goodall, aliyekuwa mkuu wa usanifu wa meli katika wizara yao, hakukubali? Yeye alidhani topido za Hood yenyewe ndizo zilizolipuka. Na wapo wanaoutaja moto uliokuwa ukiwaka tayari kwenye sitaha ya mashua, ambapo risasi ndogo na roketi zilikuwa zimewekwa karibu kwa matumizi ya haraka.

#8 — Fundi Mitambo

Baraza la pili lilizipima hoja zote mbili na kuziweka kando. Moto ulikuwapo, manusura waliuona, lakini risasi zile ndogo zilikuwa zikipasuka moja moja kama bisi kwenye sufuria. Kitu cha namna hiyo hakikati meli katikati.

#9 — Mwanamaji Mstaafu

Fundi, nakuheshimu, lakini sitaha siyo njia pekee. Kombora lililotua majini kabla ya kufika melini linaweza kupita chini ya maji na kuingia chini ya bamba la ubavu. Manowari Prince of Wales, iliyokuwa pamoja na Hood asubuhi ile ile, iligongwa hivyo na Bismarck na kombora halikulipuka. Lingelipuka, pengine leo tungekuwa tunazungumzia meli mbili.

Mabaki yalipopatikana Julai 2001 na David Mearns, mtafutaji wa meli zilizozama, kwenye kina cha mita 2,800 hivi, usukani ulikutwa umekazwa nyuzi 20 kushoto, kwa hiyo amri ya Holland ilikuwa imeanza kutekelezwa. Wengine wakaona dalili kwamba hata maghala ya upande wa omo, yaani mbele ya meli, yalilipuka. Wengine wakasema omo iliharibiwa na mgandamizo wa maji ilipokuwa ikishuka. Watu wenye elimu ya mambo hayo wameendelea kubishana.

#10 — Binti Kisauni

Kaka zangu, nawaomba turudi kwa mtu mwenyewe. Mleta mada hakuuliza habari za chuma.

Mimi sikubaliani naye kwamba lilikuwa deni. Naona lilikuwa ni pendo. Briggs aliiona Hood kwa mara ya kwanza akiwa mtoto wa miaka 12, ilipotia nanga karibu na kwao Redcar, na tangu siku ile akataka kwenda baharini. Alijiunga na Jeshi la Wanamaji mwezi Machi 1938, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 15, na mwaka uliofuata alipangiwa meli ile ile. Hebu fikirieni kupewa kitu ulichokiomba utotoni kisha kikazama nawe ukiwa ndani yake. Mtu wa namna hiyo haendi kwenye mkutano kulipa chochote. Anakwenda kwa sababu pale ndipo walipo watu wengine walioipenda.

#11 — Chumbageni

Bi Kisauni, hoja yako ina uzito. Hata hivyo pendo huwa na mahali pa kupumzika, na huyu hakupumzika. Mwezi Julai 2001, akiwa na miaka 78, alisafirishwa mpaka juu ya mahali meli ilipozama, na yeye ndiye aliyeachilia bamba la ukumbusho lishuke chini kwa wenzake. Mzee wa umri huo haendi bahari ya barafu kutembea.

#12 — Mpiga Mbizi wa Mafia

Nimefuatilia tangu mwanzo. Kuna jambo moja ambalo mtu asiyewahi kuzama hawezi kulijua, nami nalijua kidogo.

Briggs alisimulia kwamba alipofika nusu ya ngazi, maji yalimfikia, akavutwa chini pamoja na meli, kichwa chake kikiwa chini ya dari la chuma. Alijitahidi mpaka akaona amani inamwingia na akaacha kupigana. Mara akasukumwa juu kwa nguvu, akatokea usoni pa bahari, na alipogeuka aliiona omo ya Hood imesimama wima ikielekea mbinguni. Wapo wanaosema ni hewa iliyokuwa ndani ya meli, ilipotoka kwa wingi ilimbeba. Wengine husema boila lililipuka chini yake. Mimi niliwahi kunaswa na kamba ya dema kwenye mita 14, na nilipoachiwa sikujua ni nani aliyeniachia, mkondo au kisu changu. Mpaka leo nikiulizwa hubadilisha jibu, na sisemi uongo.

Tilburn naye alikuwa na lake. Nyaya za redio zilimnasa kwenye buti wakati meli inapinduka, akakata buti kwa kisu chake. Dundas alitoka kwa dirisha la daraja. Kila mmoja alitoka kwa njia yake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake, "Tulifanya hivi tukaokoka." Nadhani mtu anayeishi bila kujua kwa nini ameokoka huhitaji kukaa na watu wanaotaka kujua jambo lile lile. Hiyo ndiyo sababu yangu.

#13 — Mtafuta Kweli

Pole sana kwa yaliyokupata, ndugu yangu.

#14 — Mwanamaji Mstaafu

Nami nitoe uzoefu. Nilitumika kambi ya wanamaji ya Mtongwe, Mombasa, miaka mingi, na sisi wa meli moja hukutana kila mwaka nyumbani kwa mmoja wetu. Anayetuongoza si aliyekuwa na cheo kikubwa wala mwenye maneno mengi. Ni mwenye daftari. Ni daftari la kaunta lenye jalada gumu jeusi, limefungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu uti wake umeachia. Ndani yake mna majina yetu, namba zetu za simu zilizofutwa na kuandikwa upya mara tatu na nne, na majina ya wake zetu ili ajulikane wa kupigiwa simu. Anayefariki jina lake halikatwi. Huwekewa alama ndogo pembeni, msalaba au mwezi, na tarehe. Mwaka jana nililishika wakati mwenyewe alipokwenda kuswali, nikaona alama zimepita nusu ya ukurasa.

Kwa hiyo najibu hivi: mwenye majina ndiye kiongozi. Katika kundi la Hood, majina yote 1,415 yalikuwa yake kwa namna ambayo mwanachama mwingine hakuweza kuwa nayo, hata kama hakuwajua wote kwa sura.

#15 — Fundi Mitambo

Nami nina sababu, na haihusu chuma. Kazi ya Briggs katika Hood ilikuwa nini? Alikuwa mtu wa ishara, tarishi wa ofisa wa bendera. Alisimama kwenye daraja, hatua chache kutoka kwa admirali, akisubiri kuambiwa, "Peleka hili kule." Mtu aliyefunzwa kubeba ujumbe tangu akiwa na miaka 15 amebaki na ujumbe mmoja mkononi, na wa kupelekewa hawapo. Ameupeleka kwa jamaa zao.

#16 — Binti Kisauni

Fundi, leo umenigusa. Sikujua kwamba una upande huo. Ila hata hivyo sijaliacha langu.

Ninyi mnaozungumzia majina mmenikumbusha kwamba watu wa kwetu nao walizama. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya askari Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Majina yao yamo kwenye ukumbusho wa Nairobi. Nyumbani kwa bibi yangu walimwombea mmoja wao kila mwaka, na hapakuwa na baharia wala askari aliyekuja kuketi nasi mkekani na kusema, "Nilikuwapo." Kwa hiyo nikisoma kwamba jamaa za watu wa Hood walikuwa naye kwa zaidi ya miaka 30, nawaonea wivu wa heri.

#17 — Mzee wa Forodhani

Mungu awarehemu wote. Mimi nina mashaka na sababu zenu zote kwa kuwa zinamfanya Briggs awe amechagua. Huenda walimchagua wao. Kijiji kikipata msiba, yule aliyekuwa na marehemu saa ya mwisho huulizwa, atake asitake, na baada ya muda watu humpa kiti. Manowari Electra ilipofika yapata saa mbili baadaye, ilikuja imejiandaa kupokea mamia ya majeruhi, ikakuta watu watatu juu ya vichelezo vidogo, baridi imekwisha kuwaingia, na Dundas akiimba ili wenzake wasilale. Electra nayo ilizama Februari 1942 kule Java. Basi katika ulimwengu mzima watu wa kuulizwa walikuwa wanapungua tu, na swali halikupungua.

#18 — Mkerewe

Wazee wangu, sijawahi kuandika hapa. Nimesoma yote na nimeona niseme kidogo.

Mjomba wangu alinusurika katika meli ya abiria iliyozama ziwani. Sitaitaja. Kwa miaka mingi, kila siku ya kumbukumbu, alitoa kiti chake cha kamba akakiweka chini ya mwembe, na watu walikuja. Walikuja na picha, hasa akina mama. Walimshikisha picha wakamuuliza, "Ulimwona huyu?" Nilikuwa mtoto wa kupeleka maji ya kunywa, na nakumbuka namna alivyoipokea kila picha kwa mikono miwili, akaifuta kwa shati, akaitazama muda mrefu kabla ya kujibu. Kuna mama mmoja alikuja miaka minne mfululizo na picha ile ile, na kila mwaka mjomba aliitazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Sijui niiweke katika sababu ipi kati ya zenu.

#19 — Chumbageni

Mkerewe, karibu sana, na ahsante. Kama mjomba yu hai na haitamuumiza, hebu mwulize kwa nini alikuwa akikitoa kile kiti. Naona yeye ana haki ya kujibu kuliko sisi sote.

Wakati tunasubiri, niongeze habari ya kengele. Kengele ya Hood iliinuliwa kutoka chini ya bahari mwezi Agosti 2015, na tarehe 24 Mei 2016 iliwekwa rasmi kwenye jumba la makumbusho la wanamaji Portsmouth. Briggs hakuiona. Maandishi yaliyo juu yake yanamtaja Admirali Horace Hood, aliyekufa Jutland tarehe 31 Mei 1916 katika manowari Invincible, nayo ilikatika vipande viwili kwa mlipuko wa ghala, wakabaki watu sita. Mjane wake ndiye aliyeishusha Hood majini Agosti 1918. Nimejaribu kumfikiria mama huyo siku alipopata habari za mwaka 1941, nikashindwa.

#20 — Mwanamaji Mstaafu

Habari ya kengele imenitoa machozi. Sisi tuliikariri milio yake usiku mpaka leo nikiwa kitandani najua zamu imebadilika.

#21 — Mkerewe

Nimempigia mjomba jana jioni. Nilimsomea uzi wote kwa simu, ikachukua muda mrefu, akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Swali la Chumbageni hakulijibu. Aliniuliza lake: "Huyo Mwingereza, wale wazazi walipomwuliza kama watoto wao waliteseka, aliwaambia nini?"

#22 — Binti Kisauni

Mwambie mjomba, pamoja na salamu zangu, hiki ambacho Briggs alikisimulia tena na tena. Meli ilipolalia kushoto na kila mtu darajani akajua kwamba haitainuka, haikutolewa amri ya kuiacha, na haikuhitajika. Hapakuwa na kelele wala kusukumana. Waliondoka kimya kuelekea mlangoni. Admirali Holland alibaki kitini mwake bila kujaribu kutoka. Na Briggs alipofika mlangoni alimkuta ofisa mkubwa aliyekuwa mbele yake, na yule ofisa akasimama kando, akampisha kijana apite kwanza.

#23 — Mkerewe

Nimemsomea. Ameniomba nirudie mahali pa mlango.